Umehitimu Uhandisi: Uende Saiti au Urudi Darasani?

Uliye jikoni unaandaa chakula cha jioni, uliye kwenye daladala unarejea nyumbani, wewe uliyewasha redio dukani huku unahudumia wateja, karibuni tuzungumze.

Jioni ya leo nina maneno na vijana waliomaliza uhandisi, na nina maneno na wazazi wao pia. Kila mwaka mitihani ya mwisho ikipita kwenye vyuo vyetu, pale Mlimani, pale DIT, kule Mbeya na kwingineko, swali moja huingia sebuleni na kukaa. Kijana amemaliza miaka minne ya uhandisi. Amechoka, amefaulu, nyumba nzima ina furaha. Halafu anasema: "Baba, mama, nataka niunganishe. Nisome MBA moja kwa moja." Baba anamtazama mama. Mama anauliza: "Si ulisomea mitambo, mwanangu? Biashara inatoka wapi?"

Je, kijana huyu aunganishe, au aanze kazi kwanza? Nitatoa msimamo wangu mapema ili usinisubiri hadi mwisho wa kipindi. Mimi nasema saiti kwanza, darasa la uongozi baadaye. Nitalirudia hili mara kadhaa, mniwie radhi, kwa sababu ni jambo linalogusa maisha ya vijana wetu na fedha za wazazi wao.

Tuelewane kwanza tunazungumzia masomo gani. Iko MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Yako masomo ya usimamizi wa miradi, ya usimamizi wa uhandisi, ya ugavi na manunuzi. Yote haya nayazungumzia katika ngazi ya uzamili, na humo hutarudia hesabu za mihimili wala za mizunguko ya umeme. Utasoma uhasibu, mtiririko wa fedha, mikataba, masoko, na namna ya kuongoza watu. Ni masomo mazuri, na ninayaheshimu. Mtu asije akasema kesho kwamba redioni wamewakataza watoto wasisome.

Na kijana anayeyataka ana hoja. Fikiria kijiji ambacho kisima kilichimbwa vizuri, pampu ikafungwa vizuri, tangi likapandishwa juu ya mnara, viongozi wakaja kuzindua. Leo ukifungua bomba, halitoi hata tone. Ukiuliza kulikoni, mara nyingi hutaambiwa kwamba mhandisi alikosea hesabu. Utaambiwa fedha za maji hazikukusanywa, dizeli ikaisha. Au spea haikuagizwa mapema. Au fundi aliyefundishwa kuitunza pampu alihamia mjini na hakuna aliyerithi kazi yake. Uhandisi ulikuwa sawa kabisa, kilichoanguka ni usimamizi. Kijana aliyeona hali hiyo kijijini kwao ana haki ya kusema, nami nataka nijue upande wa pili.

Tatizo langu ni wakati wa kuyasoma masomo hayo.

Hapa niwape habari za Mfaransa mmoja aliyeitwa Henri Fayol. Alikuwa mhandisi wa migodi. Mwaka 1860, akiwa na miaka 19 tu, alianza kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry, katikati ya Ufaransa. Katika migodi ile makaa yalikuwa yakishika moto chini ya ardhi, na kupambana na moto huo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Mwaka 1888 kampuni yenye mgodi huo ilikuwa inakaribia kufilisika, akakabidhiwa yeye aiongoze. Akaiinua tena, akakaa nayo hadi mwaka 1918. Kitabu chake cha uongozi kilitoka mwaka 1916. Humo ndimo alimoeleza kwamba kuongoza ni kupanga, kuunda mfumo, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Mwanafunzi wa uongozi wa leo, awe Dar es Salaam au Nairobi, bado anakutana na maneno hayo katika masomo yake ya mwanzo.

Sasa nihesabie. Kutoka 1860 hadi 1916 ni miaka 56. Mtu aliyewapa walimu wa uongozi kitu cha kufundisha alikaa kazini zaidi ya nusu karne kabla ya kukitoa kitabu hicho.

Lakini habari ya Fayol lazima isemwe yote, hata ile inayompa nguvu kijana wetu. Fayol alilalamika kwamba vyuo vya uhandisi vya Ufaransa vinawajaza vijana hisabati na kuwanyima mafunzo ya uongozi. Alitaka uongozi ufundishwe. Kwa hiyo mtu anaweza kuniambia, "Ndugu mtangazaji, shahidi wako anasema na upande wetu." Kweli, anasema. Ila msikilizeni mpaka mwisho. Huyo huyo Fayol alieleza kwamba kwa mtu wa ngazi ya chini, uwezo unaotakiwa zaidi ni wa kiufundi, na kadiri anavyopanda ndivyo uwezo wa uongozi unavyozidi kuchukua nafasi. Mhandisi wa mwaka wa kwanza kazini atapimwa kwa uhandisi wake. Hakuna atakayemwita kikaoni kuamua mkakati wa kampuni. Atapelekwa kusimamia zege.

Yuko pia mwingine, huyu wa kizazi cha karibu zaidi: Henry Mintzberg wa Kanada. Naye ni mhandisi, wa mitambo, aliyehitimu Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1961. Alianza kwa kufanya kazi katika shirika la reli la Kanada, kisha akaenda Marekani, kwenye chuo kinachojulikana kama MIT, kusomea uongozi. Kwa utafiti wake wa udaktari alifanya jambo ambalo wengi hawakuwa wamelifanya. Aliwafuata wakurugenzi wakuu watano, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika wanachokifanya saa kwa saa. Alikuta nini? Hakukuta watu waliotulia mezani wakipanga mikakati. Alikuta watu wanaokatizwa kazi kila baada ya dakika chache, simu inaita, mtu anabisha hodi, tatizo linaingia kabla lililopo halijaisha.

Mwaka 2004 Mintzberg alitoa kitabu kinachozikosoa shahada za MBA kwa nguvu. Hoja yake kubwa ni kwamba uongozi ni kazi ya vitendo, na mtu ambaye hajawahi kuufanya hawezi kuupata kwa kukaa darasani. Wala hakuishia kulalamika. Tangu mwaka 1996 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha programu ya uzamili ya watu ambao tayari ni mameneja. Wanakuja darasani na matatizo yao ya kazini, wanayajadili, wanarudi nayo kazini.

Hata Harvard, ambako MBA ya kwanza duniani ilianza mwaka 1908, wana mpango wanaouita mbili jumlisha mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaomba nafasi ya MBA akiwa bado hajahitimu, na akikubaliwa nafasi yake inatunzwa. Halafu wanamwambia nini? Nenda kafanye kazi miaka isiyopungua miwili, ndipo uje. Wamempenda, wamempa nafasi, na bado wanamtuma kazini kwanza.

Kwa nini wanafanya hivyo? Tuingie darasani tuone. Masomo ya MBA mara nyingi huendeshwa kwa mjadala. Mnapewa kisa cha kampuni: mauzo yameshuka, meneja wa kiwanda hasikilizani na meneja wa fedha, wafanyakazi wanatishia kugoma. Mwalimu anauliza, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mama mmoja aliyesimamia ghala miaka minane anainua mkono. Anasema, kwetu lilitokea hivi, tukafanya hivi, tukashindwa kwa sababu hii. Darasa linamsikiliza, na mwalimu anachukua chaki anaandika alichosema. Kijana aliyetoka kuvua joho la mahafali naye anainua mkono. Atasema nini? Atasema kilichoandikwa kwenye kitabu, na kitabu kila mtu amekisoma. Ada wanalipa sawa, yeye na yule mama. Ila mama anaondoka na mengi zaidi, kwa sababu kila nadharia anayofundishwa ina tukio la kushikamana nalo.

Sasa twende saiti, maana huko ndiko ninakotaka tukae kidogo.

Tuseme wewe ni mhandisi mpya kwenye ujenzi wa ghorofa Dodoma. Leo mnamwaga zege la sakafu ya pili. Nondo zimefungwa, mbao zimesimama, mafundi wako juu tangu alfajiri. Lori la kwanza la zege linafika. Unachukua sampuli, unapima slampu, yaani ulaini wake, unaona zege ni jepesi kupita kiwango. Mtu ameongeza maji njiani ili limwagike kwa urahisi. Mbele yako amesimama msimamizi wa mafundi, mzee ambaye amejenga tangu hujazaliwa. Asubuhi ulimwamkia shikamoo, akakuitikia marahaba mwanangu. Sasa anakwambia, "Mwanangu, zege hili ni zuri tu, mwaga, jua linapanda." Dereva naye anapiga honi. Lori la pili limeshaingia getini. Na zege halina subira, lisipomwagwa litaganda ndani ya ngoma ya lori.

Unafanya nini hapo? Kitabu cha uhandisi kimeshakujibu: likatae. Lakini ili kulikataa unapaswa kumkatalia mtu mwenye umri wa baba yako, mbele ya vijana wake, bila kumvunjia heshima. Maana kesho unamhitaji, na keshokutwa, na mwaka mzima. Unapaswa kumpigia aliyewauzia zege na kumwambia gharama ya lori hilo ni yake. Mteja akiuliza kwa nini kazi imesimama kwa saa mbili, unapaswa kuwa na jibu. Na jioni, kwenye taarifa ya siku, uandike ukweli ulivyo, hata kama bosi wako angependa uandike vinginevyo.

Msikilizaji, hebu niambie. Hapo hujasoma kuongoza watu? Hujasoma mkataba? Hujasoma gharama na maadili ya kazi? Yote hayo umeyasoma kwa siku moja, tena kwa namna ambayo hutayasahau. Baada ya miaka mitatu ya siku kama hizo, ukienda darasani mwalimu akasema leo tunazungumzia migogoro kazini, wewe una jina na sura ya mtu unayemfikiria. Ndiyo maana wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Nalirudia: saiti kwanza, darasa la uongozi baadaye.

Liko pia jambo la sheria, na hili wazazi wengi hawaambiwi. Tanzania, shahada ya uhandisi peke yake haikutoshi kuifanya kazi ya uhandisi. Iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wengi mnaijua kama ERB, chini ya sheria ya mwaka 1997. Ukihitimu unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha unafanya kazi kwa vitendo, kwa kawaida miaka mitatu, chini ya mhandisi mtaalamu anayekusimamia, huku ukiandika ulichofanya. Baada ya hapo unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi hiyo ina mpango wa mafunzo kwa vitendo uitwao SEAP, unaowapeleka wahitimu kwenye kampuni na taasisi ili waipate miaka hiyo mitatu. Ndugu zetu wa Kenya nao wako hivyo hivyo: wanasoma miaka mitano, wana Bodi yao ya Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 2011, na wao pia wana miaka mitatu ya kazi kabla ya kuitwa wahandisi wataalamu.

Umeona hesabu inavyokwenda? Miaka hiyo mitatu ni ya kazi. Ukienda kukaa darasani mwaka mmoja na nusu au miwili ukisoma masoko na uhasibu, umeisogeza mbele. Wenzako mliohitimu pamoja watakuwa wanakaribia kula kiapo cha uhandisi, wewe ndiyo kwanza unatafuta wa kukusimamia. Na chukua matangazo ya nafasi za wahandisi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira, uyasome. Mara kwa mara utakuta sharti la usajili. MBA ni nadra kuikuta ikitajwa kwa nafasi za kuanzia.

Hapa najua kuna kijana ananijibu huko aliko. Anasema, "Mtangazaji, saiti unayoisema iko wapi? Nimezungusha maombi mpaka viatu vimeisha. Afadhali nisome kuliko kukaa nyumbani."

Kijana wangu, nimekusikia, na sitakudanganya kwamba kazi ziko tele. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote. Kukaa nyumbani kunakula moyo wa mtu. Lakini ukiwa unatafuta, usitafute ajira ya serikali peke yake wala ya kampuni kubwa peke yake. Nenda kwa mkandarasi mdogo wa wilayani anayejenga madarasa na makalavati. Nenda mamlaka ya maji ya mji wenu. Nenda kiwanda cha kukoboa mpunga chenye mashine mbili. Posho itakuwa ndogo, najua. Ila uliza swali moja kabla hujakubali: hapa pana mhandisi mtaalamu atakayenisimamia na kusaini kazi zangu? Kama yupo, hiyo posho ndogo ina thamani kuliko inavyoonekana. Kama hayupo, uwe mwangalifu, unaweza kufanya kazi mwaka mzima isihesabiwe.

Kuna wazazi nao wana hofu yao: akishaanza kushika mshahara, hatarudi shule. Hofu hii naielewa. Lakini angalieni madarasa ya jioni ya MBA pale Dar es Salaam. Wanaojaa humo ni watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaotoka ofisini saa kumi na moja na kwenda kukaa darasani. Aliyeona kazini kwamba kuna kitu hakijui hurudi mwenyewe, bila kusukumwa. Na mara nyingi hulipa ada kwa fedha yake au mwajiri humchangia. Linganisheni na kijana wa miaka 23 ambaye bado anadaiwa mkopo wa elimu ya juu. Siku akiajiriwa Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara wake, na juu ya hapo mzazi ameuza kiwanja kulipia shahada ya pili. Wazazi wangu, msiuze kiwanja kwa ajili hii. Nawasihi.

Na wale wazazi wa mabinti, naomba sikio lenu. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba saiti si mahali pa mtoto wa kike, kwa hiyo bora asome uongozi apate meza ofisini. Hapana. Huyo binti alikaa na wavulana darasa moja, akafanya hesabu zile zile, akaenda mafunzo kwa vitendo akavaa buti na kofia ngumu kama wao. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake ndani ya mpango ule wa SEAP, kwa kuwa ilionekana kwamba hapo ndipo wanapokwamia, kati ya shahada na usajili. Mkimtoa saiti kwa kumhurumia, mnamkwamisha mahali pale pale. Muulizeni mwenyewe anataka nini. Kama kuna saiti isiyo salama, atafutiwe saiti salama. Asiondolewe kwenye uhandisi.

Je, hakuna kabisa anayefaa kuunganisha? Wapo. Huko Ulaya ziko shahada za uzamili za uongozi zilizotengenezwa makusudi kwa waliohitimu juzi, wasio na uzoefu. Hizo ni tofauti na MBA, na aliyepata ufadhili kamili wa kwenda kusoma mojawapo sitamzuia. Yupo pia aliyekulia kwenye karakana ya familia, ambaye tangu akiwa na miaka 15 anaandika hesabu za vipuri na kuwalipa mafundi. Huyo uzoefu anao tayari, ingawa hauko kwenye cheti. Na yupo aliyegundua kwamba uhandisi haupendi na hataki tena kuufanya. Huyo naye aondoke mapema, aende anakotaka. Ila awe mkweli kwa wazazi wake, asitumie MBA kama mlango wa kutorokea.

Kwa wewe unayeupenda uhandisi na unataka siku moja uongoze, fanya hivi. Usajili wa mhandisi mhitimu uuombe mara cheti chako kinapotoka. Kitabu chako cha kumbukumbu za kazi kijaze kila jioni, usisubiri mwisho wa mwezi, maana utasahau. Ukiwa saiti, omba ruhusa ukae kwenye kikao cha malipo hata kama hakikuhusu, usikilize mkandarasi na mhandisi mshauri wanavyobishana juu ya kazi iliyopimwa. Jifunze kusoma mkataba wa mradi wenu kuanzia ukurasa wa kwanza. Wengi wanaijua michoro na hawajawahi kuufungua mkataba. Jifunze uhasibu wa msingi, kuna kozi fupi za jioni na hazihitaji shahada. Na ukifika mwaka wa tatu au wa nne, jiulize ni jambo gani hasa linakushinda kazini. Kama ni fedha, tafuta programu yenye nguvu kwenye fedha. Kama ni ratiba na makandarasi, tafuta usimamizi wa miradi. Kama ni watu, tafuta wanaofundisha kuongoza watu. Ndipo upeleke maombi, ukiwa unajua unakwenda kuuliza nini.

Muda wangu umekwisha, wasikilizaji. Wazazi mlio na kijana wa namna hii nyumbani, zimeni redio sasa, mkae naye mzungumze.